Leso Ilipotambuliwa: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kilifi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Kisumu Ndogo, Malindi. Mkoba wangu ni ule tuliogawiwa nchi nzima mwaka 2023: mashine ya presha, ya sukari, mizani, kipimajoto, pamoja na simu ya kuandikia taarifa za kila kaya. Hamna humo cha kupimia kaswende wala kisonono, na silalamiki, maana vipimo hivyo vina mahali pake. Kazi yangu ni kumfikisha mtu hapo mahali. Siku hizi kufika kwake kunategemea sana alichokisoma kwenye simu kabla sijabisha hodi.

Nianze na leso. Ukurasa mmoja wa habari mtandaoni, ambao sitautaja, ulitoa habari kuhusu magonjwa ya zinaa hapa pwani. Juu ya habari yenyewe waliweka picha ya kina mama waliopanga foleni nje ya kliniki, wamepigwa kwa nyuma. Nyuso hazikuonekana. Aliyepiga, nadhani, aliona amewasitiri. Lakini pwani mwanamke hatambuliwi kwa uso peke yake, Mheshimiwa. Leso yake inajulikana, na jina lililoandikwa juu yake linajulikana, na aliyempa anajulikana. Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa imezunguka kikundi cha WhatsApp cha mtaa, na mama mmoja alikwisha kuulizwa na shemejiye ameugua nini. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Alikwenda kliniki ya wajawazito, basi.

Hakurudi. Nilikwenda kwake mara tatu, akinipokea vizuri, akinipa maji ya kunywa, na akiniambia atakwenda wiki ijayo. Alirudi kliniki mimba ikiwa ya miezi minane. Majibu ya vipimo vyake ni yake mwenyewe, hayatatoka kwangu. Ninachotaka ukione ni ile miezi minne iliyopotea katikati.

Wewe unajua kuliko mimi kwa nini miezi hiyo ni mingi. Mama mjamzito hupimwa kaswende kwa tone la damu la kidoleni, pamoja na virusi vya Ukimwi, na ikigunduliwa mapema sindano ya benzathini penisilini humkinga mtoto aliye tumboni. Isipotibiwa, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa nayo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto wapatao 700,000 duniani waliambukizwa kaswende na mama zao. Ni ugonjwa ambao dawa yake ni ya zamani na ya bei nafuu. Mama huyu hakukosa dawa. Alikosa njia ya kufika kwenye dawa bila kusemwa.

Watu wetu wana msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeusikia ukitumiwa kutetea kila habari inayorushwa kikundini. Jirani zetu wa Mtwapa walionja ukali wake Februari 2010. Ulivuma uvumi kwamba wanaume wawili wangefunga ndoa mjini hapo. Ukatoka mdomoni ukaingia redioni, viongozi wa dini wakautolea tamko mbele ya waandishi, na tarehe 12 umati ukakizingira kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kilichokuwa kikitoa ushauri, vipimo na matibabu. Polisi waliwachukua watu kadhaa, na wengine walipigwa. Harusi yenyewe haikuwako. Huduma zilisimama, na hasara haikuwa ya wanaume wale peke yao. Mwanamke wa mangweni, dereva wa matatu, kijana aliyekuwa na usaha tangu Jumapili, wote walikuta mlango ule ule umefungwa. Baadaye watafiti walifanya kazi ya subira, wakawafunza wahudumu wa afya wa pwani namna ya kumpokea mgonjwa bila kumhukumu, wakakaa na maimamu na wachungaji kuzungumza. Ninawapa heshima yao. Lakini kazi hiyo ilikuja baada ya umati. Na mwaka ule simu za intaneti zilikuwa chache mitaani mwetu. Leo umati haungoji redio.

Kuna habari nyingine ambayo si uvumi, nayo imetupotosha kwa namna yake. Mwaka 2006 UNICEF, pamoja na Serikali, walitoa ripoti kuhusu unyonyaji wa watoto kingono hapa pwani, Malindi na Kilifi zikiwamo. Ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wametumbukizwa katika biashara hiyo. Kilichobaki vichwani mwa watu ni mtalii: Mzungu mzee, ufuo, hoteli. Ripoti hiyo hiyo ilisema kwamba kundi kubwa zaidi la wanaume waliokuwa wakiwanunua wasichana hao lilikuwa Wakenya, 38%, na Waitaliano wakafuata kwa 18%. Sehemu hiyo haikupata picha ya kuipamba. Matokeo yake mpaka leo nikiingia nyumba zetu za makuti nikitaja kisonono, naambiwa niende ufuoni, ugonjwa uko huko. Mwanamume anayesema hivyo anaamini kabisa. Amesoma hivyo miaka yote.

Na mwanamume huyo akianza kuumwa haja ndogo, haji kwangu. Anatafuta kwenye simu, anapata jina la dawa, anaingia duka la dawa na kuomba sipro kwa vidonge vya kuhesabu, vitatu au vinne kadiri ya pesa aliyo nayo. Sipro iliachwa na mwongozo wa taifa kwa kisonono kwa sababu vidudu vyake vimeizoea. Maumivu yakipungua kidogo anadhani amepona, naye mkewe hana dalili yoyote, maana kwa wanawake wengi kisonono na klamidia hukaa kimya. Makala aliyosoma huenda iliandikwa miaka mingi iliyopita, na katika nchi nyingine. Simu haimwambii hayo.

Sasa nifike Januari 2025, kwa sababu hapo ndipo nilipoamua kukuandikia. Tarehe 20 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na siku chache baadaye mashirika yakaagizwa yasimamishe kazi. Fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, ambazo zilikuwa zimebeba sehemu kubwa ya huduma za Ukimwi nchini tangu 2003, zikaingia humo. Habari hiyo ilikuwa kweli. Waandishi walifanya kazi yao, na ni wao walioieleza nchi kwamba kulikuwa na dawa zimekwama ghalani Nairobi kwa kukosa fedha za kuzisafirisha. Bila wao tusingejua, na sitaki barua hii isomwe kama ombi la kuwanyamazisha.

Ila habari ya kweli nayo yaweza kumwumiza mtu ikimfikia nusu. Kisumu Ndogo ilifika hivi: dawa zimekwisha. Nilimkuta mtu anayegawanya vidonge vyake, kimoja leo, kesho hapana, ili vimfikishe mbali. Hakuna aliyemshauri. Alipiga hesabu yake peke yake usiku, baada ya kusoma kichwa cha habari, na kwa akili ya kawaida hesabu yake ilikuwa sawa. Hakujua kwamba kuruka siku kunavipa virusi nafasi ya kuizoea dawa, na kwamba mwisho angeharibu kile kile alichotaka kukihifadhi. Mwingine aliacha kwenda kuchukua dawa kwa sababu alisikia kliniki za CCC, zile za wanaoishi na virusi, zinaunganishwa na huduma za kawaida, akaogopa kukutana na majirani kwenye foleni moja. Wote wawili walikuwa na simu. Wote wawili walijua kilichotendeka Washington. Walichokosa ni neno moja kuhusu lango la hospitali yao: kesho asubuhi liko wazi au limefungwa?

Neno hilo mwandishi aliye Nairobi hana, na aliye London hana. Lipo katika madaftari ya idara yako. Ndiyo sababu nimekuandikia wewe na si wahariri.

Najua Kaunti ikitaka kusikika inasikika. Mei 2024 ilipopiga marufuku muguka, kila mtu mtaani aliijua amri hiyo, aliyeitaka na asiyeitaka, hata wazee wasioshika simu. Sizungumzii amri yenyewe, ambayo ilifika mahakamani. Nazungumzia sauti. Sauti kama hiyo naiomba kwa ajili ya kaswende, kisonono, klamidia na Ukimwi.

Ninaomba kila Jumatatu alfajiri idara yako itutumie wahudumu wa afya ujumbe wa sauti wa dakika mbili, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, tuurushe kwenye vikundi vya mitaa, na usomwe Pwani FM: vituo gani vina vipimo wiki hii, wapi penisilini ipo, wapi imekwisha na inatarajiwa lini, saa ngapi za jioni kuna muuguzi kwa wanaotoka kazini. Imekwisha iseme imekwisha; watu wetu huvumilia upungufu wakiambiwa mapema. Na wiki ambayo mtandao umewaka kwa habari ya kutisha, ujumbe huo utoke siku hiyo hiyo, useme lililo kweli na lisilo kweli kwa Kilifi. Mtangaze pia muuguzi au afisa mmoja mwenye ruhusa ya kujibu waandishi wakipiga simu, kwa sababu mwandishi asiyejibiwa ataandika tu, na picha atajitafutia.

Kuhusu picha sina haja ya kuomba, sheria ipo. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inalinda siri ya mgonjwa, na ile ya ulinzi wa data ya 2019 inaongeza. Mwaka 2015 rais wa wakati huo alipoagiza wanafunzi na kina mama wanaoishi na virusi waorodheshwe, Mahakama Kuu ilisema Desemba 2016 kwamba agizo hilo lilivunja Katiba. Kama rais hakuruhusiwa kuwaorodhesha, mpita njia mwenye kamera hana ruhusa ya kuwapiga picha mlangoni. Bango moja kwenye kila lango la kliniki litatosha kuanzia. Na mkitoa takwimu, toeni kwa kaunti ndogo, si kwa mtaa. Kaunti hii ina watu zaidi ya 1,450,000 kwa sensa ya 2019; mtaa mmoja ukitajwa peke yake, binti zake hubeba jina hilo mpaka kwenye posa.

Mama wa leso amejifungua. Leso ile hajaivaa tena, aliniambia ameifanya nepi.

Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye mlango wa kwanza wa orodha yangu. Naomba ujumbe wako uwe umefika kabla sijabisha hodi.

Wako,
Mhudumu wa afya ya jamii,
Kisumu Ndogo, Malindi