Tufundishe Kusikilizana, Si Kushindana Tu

Katika shule zetu mwanafunzi hufundishwa mdahalo tangu akiwa mdogo. Hupewa hoja, hupangiwa upande, kisha huambiwa ashinde. Sina ugomvi na mdahalo, kwani umewanoa ndimi wengi wa wanafunzi wangu. Swali langu ni hili: ni wapi tunapomfundisha kijana namna ya kufikia uamuzi pamoja na mtu asiyekubaliana naye?

Jibu mojawapo liko karibu nasi kuliko tudhanivyo. Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi zaidi duniani, yaani wale waumini ambao wengine huwaita Wakweka. Misheni yao ilianzishwa Kaimosi mwaka 1902 na Wamarekani watatu, na mwaka 1946 Marafiki wa Afrika Mashariki wakapata Mkutano wa Mwaka ulio wao wenyewe. Mkutano wa namna hiyo ni desturi kongwe: ule wa London ulianza mwaka 1668.

Kwa mapokeo ya kale, ambayo yangali hai Uingereza na sehemu za Marekani, waumini huketi kimya, na anayeguswa rohoni husimama akanena machache. Kwetu ibada imevaa vazi jingine, la nyimbo na mahubiri. Lakini kinachonivutia zaidi ni jinsi shughuli za mkutano zinavyoendeshwa katika mapokeo hayo. Hapigi mtu kura. Mmoja akisema, wengine hutulia kwanza kabla ya mwingine kusimama. Karani hupima mkutano umeelekea wapi, huandika kumbukumbu papo hapo, huisoma kwa sauti, na wote huisahihisha mpaka waikubali kuwa ndiyo kauli yao.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na jambo hili hunikumbusha vitenzi vyetu. Kusikia ni kazi ya sikio. Kusikiliza ni kazi ya nia. Kusikilizana kuna maana mbili: kupeana sikio, na kupatana. Lugha yetu imeyatia mambo hayo mawili katika neno moja, kana kwamba haioni njia ya kuyatenganisha. Hicho ndicho Marafiki wanachojaribu kukitenda.

Hata hivyo, msomaji makini atanipinga, tena kwa haki. Utaratibu huu ni wa polepole, na upole wake umewahi kuwagharimu wasiokuwamo kikaoni. Mwaka 1688 Marafiki wachache wa Germantown, Marekani, waliandika kupinga utumwa. Waraka wao ukapelekwa kutoka mkutano hadi mkutano, ukaachwa. Mwaka 1738 Benjamin Lay alichoma upanga kitabu alichokificha ndani yake maji mekundu ya matunda, yakawarukia wenye watumwa kama damu. Marafiki wakamkana. Ni mwaka 1776 ndipo Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia ulipoamua kuwa mwenye kumiliki watumwa hawezi kuwa Rafiki. Miaka 88 ni maisha ya watu wengi waliokufa wakiwa watumwa. Nasi hapa nyumbani tumeushuhudia Mkutano ule wa 1946 ukigawanyika, kuanzia miaka ya sabini, ukawa mikutano mingi.

Sikusudii kuzifunika habari hizo, maana zina funzo. Kunyamaza si kunyamazishwa. Ukimya wa mwenye kusikiliza humwachia mnyonge nafasi. Ukimya wa mwenye kukwepa humlinda mwenye nguvu. Kilichouvunja ukimya wa pili kule Philadelphia si kelele za Lay peke yake. John Woolman alikwenda nyumba kwa nyumba akizungumza na wenye watumwa uso kwa uso, na mwaka 1758 mkutano ulipotaka kuliahirisha suala hilo kwa mara nyingine, alisimama akakataa. Kusikilizana, basi, kunahitaji watu wenye ujasiri wa kusema, na wenye subira ya kungoja mwenzao aelewe.

Sasa tutazame shule zetu. Je, ukimya wa wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi ni wa aina gani? Mara nyingi ni ukimya wa kunyamazishwa, na tumekwisha kuona mabweni yakiteketea katika shule ambazo usiku uliotangulia zilikuwa tulivu. Sidai kwamba migomo yote ina chanzo kimoja. Nasema tu kwamba aliyekosa pa kusemea mchana hutafuta njia ya kusemea usiku.

Pendekezo langu ni dogo. Kila muhula, shule ichague suala moja linalowagusa wanafunzi kwa kweli, kama vile chakula au saa za kulala. Waketi pamoja na walimu, bila kura. Atakayesema asikilizwe hadi mwisho, kisha patulie kidogo. Mwalimu mkuu aseme baada ya wote. Mwanafunzi mmoja aandike kumbukumbu mbele yao na kuisoma, na yeyote aliye na haki ya kuketi pale awe na haki ya kuisahihisha. Mdahalo ubaki palepale ulipo. Lakini kijana aliyefuzu kushinda pekee amepata nusu ya elimu ya lugha, na nusu iliyobaki ndiyo atakayoihitaji nyumbani, kazini na barazani.