MAARIFA YA MOTOKAA: Kuosha Injini Nyumbani

Bwana mmoja mwenye pikapu ya kuchukulia mboga ametuandikia barua akiuliza jambo ambalo tumeulizwa mara nyingi. Asema kwamba injini ya gari lake imefunikwa na oili iliyochanganyika na vumbi jekundu la barabara za murram, hata hawezi kutambua oili yavuja wapi. Jirani yake amemshauri anunue nusu lita ya petroli, aipake kwa brashi, kisha apanguse. Naye ataka kujua kama shauri hilo ni jema.

Twamjibu mara moja: si jema, asilifuate. Na kwa kuwa wako wengi wafanyao hivyo nyuma ya nyumba zao, watoto wakiwazunguka kutazama, yafaa tueleze sababu kabla ya kueleza namna ya kuosha.

Kinachoshika moto katika petroli si yale maji yake bali ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Sembuse katika jua la mchana la Kenya! Tena ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, bali hushuka na kutambaa chini bila kuonekana, ukapita chini ya mlango hata ufike kwenye jiko la makaa ambapo chakula kinapikwa. Hapo huwaka, na moto hurudi mbio kwa njia ile ile mpaka kwa mtu mwenye brashi mkononi, ambaye nguo zake zimekwisha kulowa petroli. Yeye hakuwasha kiberiti wala hakuvuta sigara. Hata pasipokuwa na jiko, cheche moja ya waya wa betri yatosha. Wala moto huo haumwagiwi maji, maana petroli huelea juu ya maji ikaenea pamoja nayo; huzimwa kwa mchanga au kwa chombo cha kuzimia moto. Ndoo ya mchanga mkavu na iwe karibu.

Kazi yenyewe yataka sabuni, maji ya vuguvugu, brashi, matambara, na saa chache za subira. Subira ndiyo inayokosekana zaidi. Gari likirudi safarini, liache mpaka uweze kuweka kiganja juu ya injini bila kukiondoa. Chuma cha ekzosi kilicho moto kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka, na katika gari la dizeli, pampu ya mafuta ikipozwa ghafula yaweza kukwama. Kuitengeneza ni gharama kubwa kuliko faida ya mboga za mwezi.

Injini ikipoa, fungua betri. Hapa watu hukosea. Waya wa kwanza kuondolewa ni ule uliofungwa kwenye bodi la gari au kwenye injini. Ukianza na ule mwingine, na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri hupita katika spana hiyo. Hutoa cheche, huunguza mkono, nayo betri yenyewe hutoa hewa iwezayo kulipuka. Katika magari ya sasa waya huo wa bodi ni wa upande wenye alama ya kutoa. Lakini magari mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960, na baadhi yake yangali yakitembea, yalifungwa kinyume, upande wa kujumlisha ndio ulioshikwa na bodi. Kwa hiyo usifuate alama tu, fuata waya kwa macho mpaka mwisho wake. Faida nyingine ni kwamba feni ya umeme haitaanza kuzunguka yenyewe vidole vyako vikiwa ndani.

Sasa funika mahali pasipotakiwa maji: mdomo wa kuvutia hewa, altaneta au dinamo, distributa, sanduku la fyuzi. Mifuko ya nailoni ya dukani ilikatazwa Kenya mwaka 2017, lakini kipande cha turubai la plastiki kitafaa, nacho hufungwa vizuri kwa tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa kama utepe.

Piga brashi yenye sabuni kutoka juu kwenda chini, kisha suuza kwa maji machache ya kopo au kwa tambara lililolowa. Mashini zirushazo maji kwa nguvu hatuzipendi hata kidogo kwa kazi hii. Maji yake huingia katika viungo vya waya na kukaa humo. Grisi iliyoganda kabisa huweza kulegezwa kwa mafuta ya taa kidogo katika tambara, juu ya chuma kilicho baridi tu, mbali na moto, wala yasiguse mikanda na mipira kwa maana huiharibu. Ioshe papo hapo kwa sabuni. Na gari la siku hizi lenye kompyuta na waya tele, lisimwagiwe maji kabisa: tambara lenye unyevu latosha.

Wapitao katika nyasi ndefu wachungulie pia chini ya gari. Nyasi kavu zilizonasa juu ya ekzosi zimeunguza magari mengi yaliyokuwa mazima.

Maji machafu usiyamwage bustanini wala katika mfereji uendao mtoni, na matambara yenye mafuta usiyarundike ndani ya nyumba.

Kausha, ondoa vifuniko, acha boneti wazi juani kwa muda wa saa moja au zaidi. Waya wa bodi urudishwe mwisho. Injini ikikohoa, maji yamo katika kifuniko cha distributa au kwenye plagi. Zima, pangusa, ngoja tena.

Sasa Bwana wetu wa mboga aweza kujibiwa swali lake la kwanza. Usiku ule atandike kadibodi safi chini ya injini. Asubuhi atazame matone na mahali yalipoanguka: meusi au ya kahawia ni ya oili ya injini, mekundu huenda yakawa ya giaboksi au ya usukani, ya kijani mara nyingi ni ya radieta. Aende kwa fundi na kadibodi hiyo mkononi.