Hamira na Mtoto Mlegevu

Watu huhoji mara kwa mara iwapo ni haki fedha za utafiti wa tiba zitumike kuchunguza hamira, ilhali wodi zimejaa wagonjwa. Swali hilo ni la msingi na linastahili kujibiwa kwa mfano. Mfano ninaouchagua ni wa peroksisomu.

Peroksisomu ni chumba kidogo mno ndani ya seli, kilichozungukwa na utando mmoja. Humo huvunjwa asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu sana, na humo hukamilishwa asidi za nyongo. Chumba hicho hakina vinasaba vyake. Protini zinazofanya kazi ndani yake hutengenezwa nje, kisha huingizwa. Nyingi hubeba mwishoni alama ya asidi-amino tatu: serini, lisini na leusini. Kipokezi kiitwacho Pex5 huitambua alama hiyo, huichukua protini hadi kwenye utando, na huko hupokewa na Pex13 na Pex14. La kustaajabisha ni kwamba protini huweza kuvuka ikiwa imekwisha kukunjwa, pengine hata ikiwa imeungana na wenzake, jambo ambalo mitokondria haziruhusu kwa kawaida. Kisha Pex1 na Pex6 hukivuta kipokezi kirudi nje, kikabebe mzigo mwingine.

Mengi ya hayo tumeyajua kutokana na hamira. Tangu mwaka 1973 ilijulikana kwamba seli za ini na figo za watoto wenye ugonjwa wa Zellweger hazionyeshi peroksisomu. Kilichokosekana ni sababu. Mwaka 1989, Ralf Erdmann, Wolf-Hubert Kunau na wenzao walieleza aina za hamira zilizoshindwa kukua zilipolishwa asidi ya oleiki, kwa kuwa hamira huvunja mafuta ndani ya peroksisomu pekee. Jeni zenye hitilafu zilitambuliwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1997, kwa kufuata ufanano na hamira, ilipatikana jeni ya binadamu iitwayo PEX1. Hitilafu zake ndizo chanzo cha zaidi ya nusu ya magonjwa ya kundi la Zellweger.

Mtoto mwenye ugonjwa huu katika hali yake kali huzaliwa mlegevu, hanyonyi vizuri, hupata degedege, ini lake huwa kubwa, na uwezo wake wa kuona na kusikia hudhoofika. Wengi hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Baadhi ya dalili hizo hufanana na za mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, na hivyo ni rahisi lawama kumwangukia mkunga, au mama, au jirani anayeshukiwa uchawi.

Nakubali kwamba tiba ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana, na kwamba kipimo cha damu cha asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu sana, pamoja na kipimo cha jeni, haviko katika hospitali nyingi. Hata hivyo, jina la ugonjwa lina kazi yake. Wazazi huelezwa kwamba kila mmoja wao alibeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu bila kujua, na kwamba katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni asilimia 25. Mama aliyezika watoto wawili na kuitwa mwenye mkosi ana haki ya kuambiwa hayo mbele ya wakwe zake.

Kwa hiyo nawasihi wahudumu wenzangu: mtoto mlegevu mwenye degedege na ini kubwa, ambaye uzazi wake ulikwenda salama, asiandikiwe kukosa hewa kwa mazoea tu. Ulizeni kama wapo ndugu zake waliofariki wachanga, andikeni mlichokiona, na mpeni rufaa. Nanyi wazazi, msione haya kuuliza chanzo. Swali kama hilo liliwahi kuulizwa juu ya hamira iliyokataa kukua, na jibu lake limewafikia watoto.