Tuache kuomba bourse na machozi

Wandugu wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, tumesomeana barua nyingi za kuomba bourse, na karibu zote zinaanza namna moja: "Nilizaliwa katika nchi yenye vita." Ni kweli. Lakini jirani yako naye alizaliwa humo humo, na yule anayesoma dosiye amekwisha kuiona hiyo sentensi tangu asubuhi. Haimwambii wewe ni nani.

Dada mmoja wa Majengo alituonyesha yake. Kurasa mbili nzima: 1996, makundi yenye silaha, madini, wakimbizi. Yeye mwenyewe hayuko ndani hata mstari mmoja. Tukamuuliza: volkano ilipolipuka Mei 2021, wewe ulifanya nini? Akacheka, "hakuna kitu." Halafu akaeleza. Maji ilikatika kwao, watu wakaanza kupigana kwenye bomba. Yeye akachukua daftari, akaandika nyumba zote za avenue, akapanga zamu, wamama wazee mbele. Vijana wawili wenye nguvu wakakataa; akawapa wao kazi ya kulinda mstari. Zamu ikaendelea mpaka maji ikarudi.

Eti hakuna kitu! Ile ndiyo barua yenyewe. Bourse ya Chevening ya Uingereza, kwa mfano, inauliza uongozi wako ulionekana wapi, na utafanya nini kiisha masomo, maana inadai urudi nyumbani angalau miaka miwili. "Nitaleta amani Congo" si jibu. "Nataka kusoma usimamizi wa maji, juu nimeona bomba moja inavyogombanisha avenue nzima": hapo mtu anasikiliza.

Na wale wanaouza barua tayari kwenye cyber, wanabadilisha jina tu? Sisi tunaopigia kelele diploma za kununua, tutaanzaje safari na karatasi ya kununua? Sahihi ya honorable asiyekujua pia, achana nayo. Muombe mwalimu ao mkubwa wa kazi aliyekuona ukifanya kitu. Tena kuomba Chevening hakulipishwi: anayekudai pesa ya "kufungua dosiye" ni mwizi.

Leo usiku andika kwa Kiswahili kwanza, vile ungemwelezea mama. Kifaransa ao Kiingereza itakuja nyuma. Kisha soma tena, na ufute kila sentensi ambayo jirani yako angeweza kuitia sahihi.