MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: LAKINI MWENYEJI NI NANI?



Wazee wetu walitwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walisema hivyo kwa kuwa mgeni alipobisha hodi, chungu kilitiwa kitoweo kizuri, watoto wa nyumba wakala pamoja naye, na nyumba nzima ikashinda kwa furaha. Yatazameni vyema maneno hayo. Hayakusema, "Mgeni njoo, tajiri apone," wala hayakusema, "Mgeni njoo, mwenyeji atumike." Yametaja mwenyeji, na mwenyeji ni mwenye nyumba, mwenye kukaribisha, mwenye haki ya kumwambia mgeni wake, "Hapa petu hukaa hivi, na hivi hatukai."

Tumeona inafaa kuyarejea maneno hayo leo kwa sababu katika vijiji vyetu vya pwani, khasa vya kaskazini na mashariki ya Unguja, yamezidi mazungumzo makali juu ya watalii. Wako wasemao kwamba mtalii ni neema na asiguswe hata kwa neno. Wako wasemao kwamba mtalii ni balaa na kheri asije kabisa. La kusikitisha zaidi, wako walioanza kuwatukana ndugu zetu wenyewe wafanyao kazi katika mahoteli. Katika jambo kama hili haifai kunyamaza, na leo tunalisema lililo moyoni mwetu bila ya kuficha.

Kwanza na tukumbuke jinsi jambo lenyewe lilivyoingia. Karafuu ndiyo iliyokuwa tegemeo la Visiwa hivi. Bei yake ilipoanguka katika miaka ya 1980, Serikali ikatafuta mlango mwengine wa riziki. Mwaka 1985 wageni waliokuja Visiwani hawakutimia 20,000. Mwaka 1986 ikapitishwa sheria ya kulinda vitega uchumi, na milango ikafunguliwa. Mwaka 2019 wageni walizidi 530,000, na mwaka 2024 wakazidi 730,000. Ilhali sisi wenyewe, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, ni 1,889,773. Serikali husema kwamba zaidi ya robo ya pato la nchi hutokana na utalii, nasi hatugombani na hesabu hiyo. Tunalosema ni kwamba jambo lenye ukubwa kama huu si la kuachiwa mawaziri na wenye mahoteli peke yao.

Sasa na tuulize: mtumishi wa hoteli humwonaje mtalii? Muulizeni kijana yeyote anayehudumu mezani, au mama anayetandika vitanda, naye atakuambieni kwamba watalii si watu wa namna moja. Yuko anayeuliza jina lako na hali ya watoto wako, akalikumbuka jina hilo mpaka siku ya kuondoka. Yuko anayenyoosha kikombe chake bila ya kukutazama uso, kama kwamba kikombe kimejazwa na upepo. Yuko anayelipa bila ya kuuliza kinywaji chenye bei ya ujira wa siku nzima, kisha akashindana nusu saa na bibi kizee kwa bei ya mkoba wa ukili uliomchukua siku kadhaa kuusuka. Mtumishi anayaona yote hayo, akayatia moyoni, akatabasamu, kwani kutabasamu ni sehemu ya kazi yake.

Na hata kusema kwake si kusema kwake. Afungue mlango, aseme "Jambo!" Akiulizwa lolote, aseme "Hakuna matata!" Ni nani kati yetu anayesema hivyo nyumbani kwake? Kwetu mdogo humwamkia mkubwa kwa "Shikamoo," watu huulizana wameamkaje, na mambo yakiwa sawa tunasema "hapana taabu." Kiunguja, lugha ya mama zetu, ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na juu ya hayo mtoto wa Unguja, katika ardhi ya Unguja, hutakiwa aseme Kiswahili cha kumfurahisha mgeni, ili mgeni asikie yale aliyokwisha kuyasikia kwao. Jambo hili ni dogo, lakini lina maana yake: anayeitwa mwenyeji amefundishwa kujifanya mgeni katika lugha yake mwenyewe.

Wazee wetu wanalikumbuka neno "boi." Wakati wa ukoloni mtu mzima mwenye mke na watoto, mwenye ndevu na heshima ya msikitini, aliitwa "boi" na kijana wa Kizungu wa umri wa mwanawe. Tukasema neno hilo limezikwa. Leo tunawaita vijana wetu wa ufukweni "mabichi boi," na wale wa Mji Mkongwe tunawaita "papasi," jina la mdudu mnyonya damu. Hapana shaka wako miongoni mwao wenye tabia mbaya, wanaomfuata mgeni kwa ulaghai na kumwudhi mpaka achoke. Hao hatuwatetei. Lakini kijana aliyejifunza Kitaliano Kiwengwa kwa kusikiliza tu, bila ya mwalimu wala daftari, si kijana mjinga wala mvivu. Ni kijana ambaye nchi yake haikumfungulia mlango wa mbele, akapita wa nyuma.

Na tunalo neno zito zaidi la kuwaambia wanachama wenzetu. Binti akitoka kijijini kwenda kufanya kazi hotelini, watu humsema kabla hajarudi. Huambiwa amepotea, huambiwa amejiuza, na wazazi wake hunyooshewa vidole. Wanaosema hivyo hawajauliza ni nani anayelipa ada ya skuli ya wadogo zake, wala ni nani aliyenunua dawa ya mama yake. Mtumishi huyu huandaa chakula cha mchana naye amefunga Ramadhani. Huisikia adhana na miguu yake haina ruhusa ya kwenda. Kule anakotumika hana sauti, na akirudi kwao hukutana na fedheha. Tunasema wazi: mwenye kumtukana binti wa watu kwa sababu ya kazi ya halali hakitumikii chama hiki wala haitumikii dini yake. Kadhalika mwenye kumtukana mfanyakazi aliyetoka bara, kana kwamba yeye ndiye aliyetunga mikataba, amemkosa mwizi akamkamata mpita njia.

Je, mtalii naye ni adui? Sisi hatusemi hivyo. Wengi wao ni wafanyakazi kama sisi, waliodunduliza mwaka mzima ili wapate siku chache za kupumzika. Wao hawakutunga sheria zetu, hawakupima ardhi yetu. Wengine huambiwa hotelini wasitoke nje, wasinunue kijijini, wakarudi kwao bila ya kumjua mtu mmoja wa nchi waliyoitembelea. Mwanamke anayepita kijijini nusu uchi pengine hana nia ya kumdharau mtu. Hapakuwa na wa kumwambia, au bango alilowekewa halikumshawishi, kwani bango si mwenyeji. Anayempiga picha mama wa Paje au Jambiani akiwa amezama kiunoni katika shamba lake la mwani, bila ya kumtaka idhini, anadhani mama yule ni sehemu ya mandhari aliyolipia. Hajui kwamba akina mama wa pwani hiyo wanalima mwani tangu mwaka 1989, na kwamba fedha za mwani zimesomesha watoto na kuezeka nyumba.

Basi tukimuona mtalii hana adabu, na tuulize: adabu ile angeionesha kwa nani? Mtu huheshimu nyumba anapomuona mwenye nyumba. Akikuta watumishi watupu, huagiza. Hapa ndipo ulipo ugonjwa wetu. Mgeni amekuja, lakini mwenyeji ameondolewa mlangoni na mahala pake pamekaa mwengine.

Tazameni alivyoondolewa. Tangu miaka ya 1960 ardhi yote ya Visiwa hivi imekuwa chini ya Serikali, na sheria ya mwaka 1992 imeendeleza hayo, mwananchi akiwa na haki ya kutumia tu. Mwekezaji alipokuja, wanakijiji wengi walilipwa thamani ya minazi yao, si thamani ya pwani yao. Fedha za minazi zikaliwa kwa mwaka mmoja, hoteli ikabaki. Ukuta ukajengwa, na mvuvi ambaye babu yake alikuwa akiteremka moja kwa moja mpaka dikoni, leo huzunguka na nyavu begani. Tangu mwaka 2021 visiwa vidogo vidogo navyo vimekuwa vikikodishwa, na mwananchi husoma khabari hiyo gazetini baada ya mambo kwisha.

Tazameni maji. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 juu ya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani ulionesha kwamba nyumba moja ya mwananchi ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Mtoto wa kike akabeba ndoo kichwani, akapita kando ya ukuta ambao nyuma yake majani yanamwagiwa maji asubuhi na jioni. Je, mtoto huyo atamuonaje mtalii akiwa mkubwa? Na ni nani aliyemfundisha chuki hiyo: sisi, au ndoo ile?

Mwaka 2020 Mwenyezi Mungu alitupa somo ambalo halifai kusahauliwa. Mwezi wa Machi maradhi ya korona yalizuia ndege, mahoteli yakafungwa, na idadi ya wageni ya mwaka ule ikashuka hadi kiasi cha 260,000. Watumishi wakaambiwa warudi kwao. Waliokuwa wameuza mashua wakakosa mashua, walioacha makonde wakayakuta yamegeuka vichaka. Matajiri wengi wakaondoka kwenda makwao. Waliobaki Nungwi, Matemwe, Bwejuu na Makunduchi ni watu wa Nungwi, Matemwe, Bwejuu na Makunduchi. Siku zile mwenyeji alijulikana bila ya hati wala mkataba: mwenyeji ni yule anayebaki mgeni asipokuja.

Wako watakaosema kwamba biashara ya utalii ndivyo ilivyo, na kwamba tukidai sana wageni watakwenda kwengine. Sisi tunajibu kwa mifano iliyopo hapa hapa. Katika msitu wa Jozani, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, sehemu ya fedha za viingilio imepangiwa vijiji vilivyouzunguka, na wageni hawakuacha kwenda kumtazama kima punju. Katika kisiwa cha Chumbe, ambacho bahari yake ilitangazwa hifadhi mwaka 1994, wavuvi wa zamani walifunzwa kuwa walinzi wa matumbawe, na mgeni anapoingia majini huwafuata wao na kuwasikiliza kama mwanafunzi anavyomsikiliza mwalimu. Hapo mgeni humuona mwenyeji, naye hukaa kwa adabu. Ikiwa jambo limewezekana Jozani na Chumbe, kipi kinachozuia lisiwezekane pwani nzima?

Kwa hivyo madai yetu ni haya. Kila mtumishi wa hoteli apewe mkataba wa maandishi, kwa Kiswahili anachokifahamu, asiachishwe kazi kwa ishara ya kidole msimu unapopungua. Njia zote za kwendea pwani na madiko yote ya wavuvi yawe wazi kwa sheria, si kwa hisani ya mlinzi. Hapana hoteli mpya itakayopewa maji kabla ya kijiji kinachoizunguka. Kila kijiji chenye hoteli kipate fungu lake lililotajwa kisheria, na hesabu yake isomwe hadharani, barazani, mbele ya wake kwa waume. Hapana ardhi wala kisiwa kitakachokodishwa kabla ya wananchi wa pahala hapo kuulizwa. Na chuo cha utalii, ambacho kipo Maruhubi, kiwe na nafasi za kutosha kwa watoto wa mashamba na wa Pemba, wafunzwe kuongoza mahoteli na si kubeba mizigo tu.

Lakini mwenye kudai haki ya mwenyeji, na afanye kazi ya mwenyeji. Kila mwanachama, basi, awazuie watoto wake kumfuata mgeni wakiomba pesa na pipi, kwani mtoto aliyezoea kunyoosha mkono huona taabu kuukunja. Mgeni aliyevaa vibaya aambiwe kwa upole, na mtu mzima, si kwa kuzomewa na kundi la vijana. Auzaye madafu au vikoi auze kwa bei ya haki. Na mtumishi wa hoteli, mwanamume kwa mwanamke, apokewe kijijini kwa heshima ile ile anayopewa mwalimu na mvuvi. Tukimdharau sisi, ni nani mwengine atakayemheshimu?

Nchi hii imepokea wageni kwa pepo za kaskazi na kusi tangu kabla ya babu zetu. Haikufundishwa ukarimu na yeyote, wala haitakubali kufundishwa utumwa kwa jina la ukarimu. Mgeni na aje, tutamkaribisha. Lakini atakapobisha hodi, anayemfungulia mlango awe ni mwenye nyumba.

Wabillahi Tawfiq.