Wahakiki Waonyeshwe Daftari

Neno la mtaalamu lina uzito. Akiandika kuwa dawa fulani yaponya, mgonjwa huimeza. Akiandika kuwa yaua, hospitali huiweka kando. Kwa hiyo yawapasa wananchi wote, wala si wasomi peke yao, kujua ni nani aipimaye kazi yake kabla haijachapwa.

Desturi ni hii. Mwandishi hupeleka mswada wake kwa mhariri wa jarida la kitaalamu. Mhariri akiona haufai, huurudisha. Akiona wafaa kuangaliwa, huwapelekea wataalamu wawili au watatu wa elimu ile ile, nao hushauri ukubaliwe, utengenezwe au ukataliwe. Mara nyingi majina yao hufichwa, wapate kusema kweli pasipo kumwogopa mkubwa. Kwa kawaida hawalipwi hata senti, ingawa yako makampuni yanayopata faida kubwa kwa kuyauza majarida hayo. Wafanyakazi hawahitaji kuelezwa jambo hilo linaitwaje.

Hata hivyo, desturi yenyewe ni njema. Mwaka 1936 Albert Einstein na mwenziwe Nathan Rosen walipeleka mswada kwa jarida la Physical Review la Marekani, wakidai kuwa mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri alipompa mhakiki ausome, Einstein alikasirika, akauondoa. Kumbe mhakiki ndiye aliyeliona kosa! Mswada ulipochapwa na jarida jingine mwaka 1937, hoja yake ilikuwa imegeuzwa.

Ubaya u mahali pengine: mhakiki husoma maneno na majedwali, lakini mara nyingi haonyeshwi daftari zenyewe. Tarehe 22 Mei, 2020, jarida la The Lancet la Uingereza lilichapa habari za wagonjwa wa korona wapatao 96,000, waliosemekana kutoka hospitali 671 za mabara sita. Ilidaiwa kuwa haidroksiklorokwini, dawa iliyo jamaa ya klorokwini tuliyoizoea kwa malaria, ilizidisha vifo. Mara Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo.

Takwimu zote zilitoka katika kampuni moja ya Marekani, Surgisphere. Wataalamu zaidi ya mia moja wakaandika barua ya wazi, wakihoji pamoja na mengine habari za Afrika: yawezekanaje kampuni hiyo iwe na kumbukumbu kamili za karibu robo ya wagonjwa wote wa bara hili? Kampuni ilipotakiwa kutoa daftari zikaguliwe, ilikataa. Tarehe 4 Juni waandishi watatu kati ya wanne waliifuta makala yao. Majaribio ya kweli baadaye yalionyesha kuwa dawa hiyo haiwafai wagonjwa wa korona waliolazwa, lakini hilo halimsafishi mtu.

Mkaguzi wa chama cha ushirika hasomi hotuba ya katibu, akaenda zake. Hudai stakabadhi na daftari la mizani. The Lancet lilikaza kanuni zake mwaka ule ule, likataka zaidi ya mwandishi mmoja awe amezihakikisha takwimu. Hiyo ni nusu ya njia, maana mwandishi kumkagua mwandishi mwenzake si ukaguzi. Twataka majarida yote yampe mhakiki daftari pamoja na mswada, na makampuni yenye faida yamlipe kwa siku atakazozitumia kuzipitia.