UPEPO NI WA BURE, MASHINE SI YA BURE



Wako watu wa namna mbili wanaotudanganya juu ya umeme wa upepo, na wote yatupasa tuwakatae. Wa kwanza ni yule asemaye, "Subirini, nguzo zinakuja." Wa pili ni yule afikaye na picha ya mashine nyeupe na kusema, "Upepo ni wa bure, tieni sahihi hapa." Mmoja anatuuzia subira, mwingine anatuuzia mbuzi kwenye gunia. Na wote wawili hawakupima kitu.

Tuanze na huyu wa subira. Nchi yetu ina vijiji 12,318, lakini ina vitongoji 64,359. Nguzo ikifika penye ofisi ya kijiji, kijiji chote huhesabiwa kuwa kimepata umeme. Je, mvuvi wa kitongoji cha mbali mwambaoni, apataye migebuka usiku na kukosa barafu asubuhi, naye amepata? Mama ajitwikaye mahindi kwenda kutafuta kinu, naye amepata? Umeme wa kwenye makaratasi hauwashi taa. Kwa hiyo mtu wa kitongojini ana haki ya kuuliza habari za jua, za maji na za upepo, na hana haja ya kumwomba mtu radhi kwa kuuliza.

Sasa huyu wa pili, mwenye picha. Yeye hupenda kufika wakati upepo unavuma. Kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kuanzia Mei hata Septemba, mavumbi yakaruka, na watu wakaamini kuwa utajiri umefika. Hasemi neno juu ya miezi mingine.

Hesabu yenyewe si ya siri. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Tutwae mashine ndogo ambayo mapanga yake yakizunguka hufanya duara lenye upana wa mita 2. Upepo wa mita 8 kwa sekunde utatoa kama wati 200. Upepo wa mita 4 utatoa kama wati 25, yaani taa chache na simu. Mashine ni ile ile, bei ni ile ile, deni ni lile lile! Na nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji mara nyingi ni ya upepo wa mita 11 au 12. Nani amewahi kutuonyesha kuwa upepo wa namna hiyo unakaa kwetu mwaka mzima?

Wala tusikubali kuletewa vipimo vya mahali pengine. Sumbawanga iko juu ya uwanda, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Kabwe iko chini kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi, na uwanda wa Ufipa umesimama mgongoni pake kama ukuta upande ule ule utokako upepo mkubwa. Mchana ziwa huvumia nchi kavu, usiku nchi kavu huvumia ziwa. Huko juu nako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita, na nguvu hupungua kwa kiasi hicho hicho. Atakayeipimia Kabwe upepo wake akiwa Sumbawanga anatupima kwa macho.

Hatusemi kuwa upepo haufai. Huko Mufindi, mwaka 2020, mashine 3 zenye megawati 2.4 ziliunganishwa na umeme wa maji wa Mwenga, kwa sababu kiangazi mto hupungua na upepo huzidi. Hiyo ni akili: kimoja hushika pale kingine kinapolegea. Hata mashine za upepo za kuvuta maji zilitengenezwa na mafundi wa Thika, Kenya, miaka mingi iliyopita.

Lakini Kenya inatufundisha na jambo jingine. Karibu na Ziwa Turkana kuna mashine 365 zenye megawati 310. Umeme wake ulianza kuingia gridi mwaka 2018, nao husafiri zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa. Mwaka 2021 mahakama huko Meru iliamua kuwa hati za ardhi ile, ekari 150,000, hazikupatikana kwa njia ya haki. Upepo ulipimwa vizuri sana. Haki za wenyeji hazikupimwa.

Basi tunadai haya. Kwanza, mlingoti wenye kipimo usimamishwe hapa hapa, si chini ya mita 10, kwa miezi 12, na hesabu yake isomwe kila mwezi katika mkutano wa kijiji. Pili, bei ya umeme wa upepo iwekwe kando ya bei ya umeme wa jua, ambao umeshuka mno tangu mwaka 2010. Jua likishinda, tuchukue jua bila kuona haya. Tatu, mkataba utaje vipuri, betri za kubadilisha na vijana wetu watakaofundishwa kutengeneza. Mashine inayongoja fundi wa ng'ambo ni mzigo. Nne, ardhi ibaki ya kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotulinda.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Upepo ni mali yetu. Daftari lake liko wapi? Ndugu wa Kabwe, atakapokuja mtu na picha, mpeni kiti, mpeni maji, kisha mwombeni vipimo. Akiwa hana, aondoke na kalamu yake.